Mji wa hifadhi ukimwachia mtu naye akaua, nani alipe?

Tangu 2015 muswada wa aina moja umekuwa ukirudi Marekani, mara Washington, mara kwenye mabunge ya majimbo. Maneno hubadilika lakini kiini ni kile kile. Jiji likiwa mji wa hifadhi, yaani likikataa kushirikiana na ICE, idara ya serikali kuu inayokamata na kuondosha wahamiaji, na mtu aliyekuwa akitakiwa na ICE akaachiwa kutoka jela ya jiji hilo, kisha akaua au akabaka, basi aliyeumizwa au familia yake iruhusiwe kulifungulia jiji kesi ya madai na kulipwa fidia. Juni 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wenye kifungu hicho kwa kura 228 dhidi ya 195, ukafia Seneti. Mwaka 2025 bunge la North Carolina lilipitisha muswada wake wa kuiondolea miji na kaunti kinga katika kesi kama hizo, na mwezi Juni gavana Josh Stein akakataa kuusaini.

Kama wewe ni mmoja wa Wakenya, Watanzania au Wakongomani waliokwisha kula kiapo cha uraia huko, jambo hili litakufikia kwenye karatasi ya kura, kwa jina la mgombea ikiwa si kwa jina lake lenyewe. Ndiyo maana naweka njia zilizopo ubavu kwa ubavu. Msimamo wangu nausema mapema: siungi mkono kesi za fidia dhidi ya jiji. Lakini nimechoka kusoma hoja za wanaozipinga zikiandikwa kana kwamba familia za waliouawa zinapiga kelele bure. Hazipigi kelele bure.

Kinachogombaniwa ni karatasi moja

Mji wa hifadhi si mji ambako ICE haingii. Inaingia, inagonga milango, inakamata. Alama za vidole za mtu anayeingizwa jela ya mji hufika serikali kuu, iwe ni San Francisco au Houston, kwa hiyo ICE hujua aliyemo ndani bila kuambiwa na meya. Ugomvi uko kwenye ombi ambalo ICE humtumia sherifu ikimtaka amshikilie mfungwa hadi saa 48 baada ya muda wake wa kuachiwa, au walau aseme atatoka lini. Ombi hilo husainiwa na ofisa wa ICE mwenyewe, si jaji. Mji wa hifadhi husema: bila hati ya jaji, simshikilii. Mingine huenda mbali zaidi na kukataa hata kutaja saa ya kutoka.

Tofauti kati ya kukataa kushikilia na kukataa kuarifu ni kubwa kuliko inavyoonekana, na tutairudia. California, kwa mfano, tangu 2018 ina sheria ya jimbo zima inayobana ushirikiano lakini inauruhusu kwa watu waliotiwa hatiani kwa makosa ya orodha ndefu iliyomo katika sheria hiyo. Anayesema "miji ya hifadhi" huwa anataja vitu vingi kwa jina moja, na muswada unaoiadhibu yote sawasawa umeandikwa kwa uvivu.

Leo jiji hulipa likishikilia, halilipi likiachia

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Miji ya Marekani tayari hubeba dhima kuhusu karatasi ile, ila ni kwa upande mmoja tu.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Monell, 1978, jiji linaweza kushtakiwa pale sera yake yenyewe inapovunja haki ya mtu ya kikatiba. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tatu ilisikiliza kesi ya mtu aliyeshikiliwa siku tatu katika jela ya kaunti ya Lehigh, Pennsylvania, baada ya dhamana yake kulipwa, kwa sababu ICE ilidhani si raia. Kumbe alizaliwa New Jersey. Kaunti ilijitetea kwamba ilitii amri ya serikali kuu. Mahakama ikajibu kwamba ile haikuwa amri bali ombi, na aliyekubali ombi hubeba matokeo yake. Mwaka huohuo mahakama ya Oregon iliikuta kaunti ya Clackamas na hatia ya kumshikilia mwanamke kwa karatasi ya namna hiyo. Los Angeles, kaunti, ilikubali mwaka 2020 kulipa dola milioni 14 kwa maelfu ya watu iliowashikilia baada ya muda wao.

Sasa geuza upande. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilipokea kesi ya wazazi wa binti wa miaka 15 wa California aliyeuawa na mfungwa aliyeachiwa kwa msamaha wa masharti miezi 5 kabla. Wakakosa. Sheria ya jimbo iliwapa kinga maofisa waliomwachia, na mahakama ikaona kifo kile kiko mbali mno na uamuzi wao. Mwaka 1989, katika kesi ya DeShaney, mtoto alipigwa na baba yake hadi ubongo ukaharibika, ilhali maofisa wa ustawi wa jamii walijua wazi kuwa yuko hatarini. Mahakama ikasema Katiba haiilazimishi serikali kumkinga mtu na ukatili wa mtu binafsi. Mwaka 2005 ilikuwa zamu ya mama wa Castle Rock, Colorado, aliyekuwa na amri ya mahakama dhidi ya mumewe na akawaomba polisi mara kadhaa waitekeleze. Mabinti zake watatu waliuawa. Naye akakosa.

Kwa hiyo sherifu akishikilia anaweza kushtakiwa akalipa, akiachia kesi dhidi yake haisimami. Na ndiyo sababu baada ya 2014 kaunti nyingi za Oregon na kwingineko ziliacha kutii maombi ya ICE. Halikuwa wimbi la wanaharakati tu. Wanasheria wa kaunti walipiga hesabu.

Je, mizani hii iliyolalia upande mmoja ni dhuluma? Naona ina msingi. Kumfungia mtu mlango wa jela ni tendo la serikali mwanzo hadi mwisho. Kuua baada ya kuachiwa ni tendo la muuaji. Lakini msingi huo una mipaka. Mtu akikuambia "jiji halikutenda lolote," usikubali haraka. Jiji lilikaa kikao, likapiga kura, likaandika waraka. Kutotenda kulikopangwa ni tendo pia.

Kesi ya San Francisco

Julai 1, 2015, mwanamke wa miaka 32 alikuwa akitembea na baba yake kwenye gati namba 14 mjini San Francisco. Risasi ikampiga, akafa. Aliyefyatua alikuwa raia wa Mexico ambaye Marekani ilikwisha kumwondosha mara 5. Miezi michache kabla, alikuwa kwenye jela ya jiji hilo, ICE ikaomba ashikiliwe, jela ikamwachia Aprili 15 bila kuiarifu. Sherifu Ross Mirkarimi alikuwa ametoa waraka mwezi Machi uliozuia hata kutoa taarifa.

Kama habari ingeishia hapo, kesi dhidi ya jiji ingeonekana nyepesi. Haikuishia hapo.

Mtu yule alifikaje San Francisco? Serikali kuu ndiyo iliyompeleka. Alipomaliza kifungo katika gereza la serikali hiyo, badala ya kukabidhiwa ICE moja kwa moja, alisafirishwa hadi San Francisco kwa sababu ya hati ya kukamatwa ya bangi yenye umri wa miaka 20 hivi, kesi ambayo waendesha mashtaka wa jiji waliitupa mara moja. Na bastola je? Ilikuwa ya askari wa ardhi wa serikali kuu, aliyeiacha ndani ya begi kwenye gari lake mtaani. Ikaibwa siku nne kabla ya mauaji. Baraza la wazee wa mahakama nalo, Novemba 2017, lilimwachia mshtakiwa kwa mashtaka ya kuua, kwa kuwa risasi iligonga sakafu kwanza ikaruka, na utetezi ulisema haikukusudiwa.

Familia ilishtaki pande zote mbili. Dhidi ya jiji, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ilisema mwaka 2019 kwamba waraka wa sherifu ulikuwa uamuzi wa kisera uliolindwa na kinga ya sheria za California, na kwamba sheria ya 1996 kuhusu kupeana taarifa za uhamiaji haikumlazimu kutaja saa ya kumwachia mtu. Dhidi ya serikali kuu, kwa ajili ya ile bastola, mahakama hiyohiyo ilisema mwaka 2021 kwamba mnyororo kati ya gari lililovunjwa na risasi iliyoua una vikatizo vingi mno.

Familia moja, kifo kimoja, ofisi mbili za umma zenye sehemu katika mkasa, na fidia sifuri. Ukitaka kujua kwa nini muswada ule hauchoki kurudi, sababu ni hiyo. Ila tazama pia muswada unavyofanya na mnyororo huo: unachukua pingili moja, ile ya jiji, unaipa dhima, na pingili za gereza na bastola unaziacha na kinga zao.

San Francisco ilikuwa imekwisha kupitia jambo kama hilo. Mwaka 2008 baba na wanawe wawili waliuawa ndani ya gari lao, na mshtakiwa aliwahi kuwa mikononi mwa jiji akiwa bado mtoto bila kukabidhiwa uhamiaji. Mahakama ya rufaa ya California iliitupa kesi ya familia mwaka 2011: sheria za uhamiaji, ilisema, hazikutungwa kwa lengo la kuzuia madhara ya aina ile.

Kumpa mwathirika haki ya kushtaki

Hoja bora ya njia hii ni kwamba jiji ndilo lililokuwa na ufunguo. Hakuna mwingine angeweza kumkabidhi mtu yule katika saa ile, kwenye jengo lenye kuta na askari, badala ya ICE kumtafuta baadaye mtaani. Hatari yake ilijulikana na ilikuwa kwenye faili. Na kampuni binafsi iliyoamua kwa maandishi kupuuza onyo la hatari kubwa isingeweza kujificha nyuma ya neno "sera".

Nakubaliana na karibu yote hayo. Kinachonizuia ni mambo mawili.

La kwanza: mtu aliyeachiwa kwa dhamana akaua, familia ya marehemu haimshtaki hakimu. Aliyetolewa mapema gerezani akaua, tumeona jibu la 1980. Ukipitisha muswada huu, mama wawili wa mtaa mmoja waliopoteza watoto kwa wauaji wawili walioachiwa na jela ileile watatofautiana haki kwa pasipoti ya muuaji. Mmoja analipwa, mwingine anapewa pole. Sioni kanuni ya haki inayoweza kulibeba hilo. Anayetaka kufungua mlango wa dhima kwa uamuzi mbaya wa kuachia watu aufungue kwa kila uamuzi wa namna hiyo, ukiwemo wa msamaha wa masharti. Wadhamini wa muswada hawataki hilo, na nadhani wanajua gharama yake.

La pili ni ushahidi. Sheria ya madhara hutaka uonyeshe kwamba bila kosa la mshtakiwa, madhara yasingetokea, na sera nzima si rahisi kuipima kwa tukio moja. Utafiti wa David Hausman uliochapishwa 2020 ulilinganisha kaunti na kukuta kuwa sera za hifadhi zilipunguza uondoshaji wa watu kwa takriban theluthi moja, upungufu ukiwaangukia zaidi wasio na hatia yoyote ya jinai, bila kuonekana ongezeko la uhalifu. Huo ni wastani, na hauifuti maiti ya gatini. Lakini unamaanisha kuwa mahakamani jiji litakuja na takwimu na familia itakuja na msiba, na majaji wataombwa wachague kati ya vitu ambavyo havijibizani.

Kuna suala la mfuko pia. Fidia hutoka kwenye kodi ya mji uleule, pengine ya mtaa uleule ambako uhalifu umetokea. Hoja hii husifiwa kupita kiasi, maana hata fidia za polisi waliopiga watu hutoka huko na hatusemi zifutwe. Naipita.

Kisheria, tofautisha Washington na jimbo. Katika kesi ya Printz, 1997, Mahakama ya Juu ilisema serikali kuu haiwezi kuwageuza masherifu kuwa watumishi wake, na Julai 2025 jaji wa Chicago aliitupa kesi ya serikali kuu dhidi ya Illinois na Chicago kwa msingi huo. Sheria ya Washington inayosema "usipotii ombi langu utalipa mamilioni" itakutana na ukuta huo. Bunge la jimbo halina shida hiyo kwa kiasi kilekile, kwa kuwa miji ni viumbe vya jimbo. Linaweza kuivua kinga kesho asubuhi.

Kuadhibu jiji bila kumhusisha mwathirika

Texas ilichagua hivyo. Mei 2017 gavana Greg Abbott alisaini sheria ya SB 4. Faini ni dola 1,000 hadi 1,500 kwa kosa la kwanza na 25,000 hadi 25,500 kwa kila linalofuata, kila siku ya ukaidi ikihesabiwa kosa jipya. Kiongozi anaweza kuvuliwa cheo, na sherifu akikataa kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai. Sehemu kubwa ya sheria hiyo ilipita mbele ya Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano mwaka 2018. Tennessee mwaka 2025 ilikwenda mbali zaidi, ikafanya kosa kubwa la jinai diwani kupigia kura sera ya hifadhi. Hilo binafsi linanitisha: diwani anafungwa kwa kunyoosha mkono kikaoni.

Njia ya Texas inajibu maswali mengi ambayo kesi za fidia haziwezi. Haihitaji kuthibitisha nani alisababisha nini. Inajulikana mapema. Na ina kipengele ambacho hutajwa mara chache: kaunti ikishtakiwa kwa kumshikilia mtu kwa nia njema kufuatana na ombi la ICE, jimbo huitetea na kulipa. Yaani Texas iliona ile mizani iliyoinama na ikaweka jiwe upande wa pili.

Ila uliza nani hulipwa. San Antonio ilishtakiwa kwa sababu polisi wake, Desemba 2017, walikuta wahamiaji ndani ya lori na kuwaachia 12 bila kuwakabidhi ICE. Mwaka 2022 jiji likakubali kulipa dola 300,000. Pesa zilikwenda kwa jimbo la Texas. Kama lengo lako ni utii, njia hii inafanya kazi. Kama lengo lako ni waathirika, hawamo humu kabisa.

Hati ya jaji, na fidia isiyouliza nani alikosa

Mimi ningeanzia kwenye karatasi yenyewe. Ombi la ICE likipitia kwa jaji, likawa hati ya kukamata, mji wa hifadhi unapoteza sababu yake kuu na sherifu anapata kinga akishikilia. Mahakama ya juu ya Massachusetts ilisema 2017 kwamba sheria ya jimbo hilo haiwapi maofisa wake uwezo wa kumshikilia mtu kwa ombi pekee, na mabunge yanaweza kutunga utaratibu wa kulijaza pengo la namna hiyo. Kwa watu wenye hatia za ukatili, taarifa ya saa ya kutoka inaweza kulazimishwa na sheria ya jimbo bila kumshikilia mtu dakika moja zaidi. Waraka wa Mirkarimi usingepita mtihani huo, na kwa maoni yangu haukustahili kupita.

Louisville, Kentucky, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo, uliangukia karibu na hapo Julai 2025 meya Craig Greenberg alipokubali kurudisha utaratibu wa kuiarifu ICE saa 48 kabla ya mtu kuachiwa, ili mji uondolewe kwenye orodha ya serikali kuu ya miji ya hifadhi. Wahamiaji wengi waliona wamesalitiwa. Nawaelewa. Shahidi wa wizi ambaye mumewe hana makaratasi hatapiga simu polisi akiamini jela na ICE ni mlango mmoja, na hasara hiyo haiingii kwenye kesi ya mtu yeyote. Lakini kati ya taarifa kwa kila anayekamatwa na taarifa kwa aliyekwisha kutiwa hatiani kwa ukatili kuna nafasi pana, na mstari mzuri unaweza kuchorwa humo.

Fidia je? California ilianzisha mfuko wa jimbo kwa waathirika wa uhalifu mwaka 1965, na tangu 1984 serikali kuu ina mfuko wake unaosaidia ile ya majimbo. Mifuko hiyo haiulizi jela ilikosea wapi wala muuaji alizaliwa nchi gani. Malipo yake ni madogo kuliko hukumu ya mahakama, na yangeweza kupandishwa kwa fedha zilezile ambazo miji ingewalipa mawakili.

Ukipiga kura yako kwa upande wa kesi za fidia hata baada ya haya, usome vifungu vya muswada ulio mbele yako. Unahitaji madai yawe dhidi ya jiji lililokataa hata kuarifu, au hata lile lililodai hati ya jaji tu? Kuna kikomo cha fedha? Mhalifu lazima awe ametiwa hatiani? Na anayekuandikia muswada huo amejivua kinga yake mwenyewe? Sheria ya Laken Riley ya Januari 2025 iliruhusu serikali kuu ishtakiwe kwa kutotekeleza sheria za uhamiaji. Walioruhusiwa kushtaki ni wanasheria wakuu wa majimbo, wanachoweza kuomba ni amri ya mahakama, na familia ya aliyeuawa haikupewa haki ya kudai hata dola moja.